Picha Niliyokwenda Nayo Kuposa

Siku ya kuposa nilikwenda mtaa wa Atlabara, mjini Juba, na folda. Wanaume wengi wa Juba huenda na wazee tu. Mimi nilitangulia na msemaji mmoja, binamu yangu mwenye ulimi mzuri, na folda ya plastiki yenye diploma yangu, barua tatu za waajiri na picha moja kubwa. Katika ukoo wetu sijasikia mtu mwingine aliyeposa kwa nyaraka, na sioni aibu kusema hivyo. Kila kilichokuwa ndani ya folda ile nilikipata kwa mikono yangu.

Baba wa mchumba wangu alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyekaa miaka mingi uhamishoni Kenya. Dada yake, yaani shangazi wa mchumba, alikuwa amerudi kutoka Uganda, na ndiye aliyekuwa na maswali. Makabila yetu hayana lugha moja, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na Kiarabu cha Juba kikiingia pale kilipotaka. Mchumba wangu mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vyake vya miguu.

"Wewe kijana," shangazi akasema, "mimi iko nasikia ulikaa Uganda miaka kumi. Ulifanya kazi gani huko?"

"Mawimbi," nikajibu.

Binamu yangu akakohoa.

Ilibidi nieleze. Nilikaa katika kijiji kando ya Mto Naili, mwendo wa boda kutoka Jinja. Maji haya haya yanayopita Juba hupita kwanza kule. Mto unashuka juu ya mawe, na mahali pamoja maji yanajikunja na kufanya wimbi linalosimama palepale, haliendi popote. Watu hutoka nchi za mbali kuja kusimama juu yake na ubao. Kijiji kizima kinaishi kwa wimbi hilo, na wimbi lenyewe linaishi kwa bwawa la umeme lililo upande wa juu wa mto. Wakifungulia maji mengi, linapanda. Wakipunguza, linalala, na unabaki kutazama mawe na povu.

Ndiyo maana asubuhi kule hakuna anayeanza na habari za nyumbani. Mtu anakuuliza, "Maji?" nawe unajibu, "Juu," au "Chini." Mama aliyeniuzia chapati hakujua kuogelea hata kidogo, lakini maji aliyajua kuliko sisi sote. Aliangalia jiwe moja kutoka mlangoni pake, na kama limezama alikanda unga mara mbili ya kawaida. Maji yakiwa juu, fundi cherehani hufunga mashine, na wageni hupita pekupeku katikati ya mashamba ya mihogo, mbao kwapani, wakiwasalimia wanawake wanaopalilia. Maji yakiwa chini siku tatu mfululizo, kijiji kinanuna. Wageni wanagombana mezani kwa sababu ya chumvi tu, na mchungaji anapata waumini wengi Jumapili.

Mimi nilianza kwa kubeba. Kutoka mtoni hadi juu kuna kilima kibaya, na mgeni aliyechoka hubebewa ubao wake. Wenzangu walibeba mmoja. Nilibeba mbili, mmoja kichwani na mwingine begani. Baadaye nikajifunza kuziba mbao zilizopasuka, kwa faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo, na gundi yake inayonuka. Vumbi la faiba linawasha kama upupu, kwa hiyo nilivaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile, na wenzangu wakanicheka. Waliocheka wanabeba mpaka leo; mimi nikapanda hadi kuwafundisha wageni kusimama juu ya wimbi. Siku za maji chini, wao wakicheza karata, mimi nilikuwa kwenye boda kuelekea chuoni. Diploma ya usimamizi wa hoteli ilinichukua miaka mitatu badala ya miwili, kwa sababu maji yakiwa juu sikuweza kuonekana darasani. Simjui mtu mwingine aliyesoma kwa ratiba ya bwawa. Leo nina karakana yangu mwenyewe Gurei, hapa Juba, natengeneza boti za hoteli na matangi ya maji yaliyopasuka.

Hayo yote niliyasema, na yalikwenda vizuri. Mzee aliisoma diploma mbele, akaigeuza, akatazama na nyuma ambako hakuna kitu. "Kwes," akasema. Vizuri. Hapo ningenyamaza. Lakini picha ilikuwa bado kwenye folda.

"Na hii, mzee, ndiyo kazi yenyewe."

Niliichagua kati ya nyingi. Niko katikati ya wimbi, magoti yamekunjwa sawasawa, mkono wa mbele umenyooka, macho mbele. Shangazi aliishika, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Na huyu uchi ni nani?"

Niliinama kuangalia. Kando yangu, kwenye wimbi lilelile, kulikuwa na mwanamke wa kizungu, mteja niliyekuwa namfundisha. Juu alivaa jaketi la kuokoa maisha. Kutoka kiunoni kushuka hapakuwa na mengi ya kueleza.

Sikuwa nimemwona. Wiki ya kwanza nilipofika kule nilitembea nikiitazama mihogo tu, kwa haya. Kufikia mwaka wa tatu, ungeniuliza mgeni fulani amevaa nini nisingeweza kukujibu. Ningekuambia ubao wake una ufa wapi. Kijiji kile kinakuondolea macho fulani na kukupa mengine, na hakuna anayekukumbusha kwamba ukirudi Juba utayahitaji yale ya kwanza.

"Huyu ni kawaja wake, mzungu wake," shangazi akamwambia kaka yake. "Mimi niliona hawa vijana ya mto. Mzungu moja akienda, wanatafuta ingine. Sasa amechoka, anakuja kwa mtoto yetu."

Vidole vya miguu vikatoweka chini ya pazia. Hapo ndipo nilipoogopa. Binamu yangu alianza hotuba kuhusu faida za utalii, na mzee akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mwanangu, mwanamke huyu anaitwa nani?"

"Sikumbuki, mzee."

"Wa nchi gani?"

"Hata hiyo sikumbuki."

"Unakumbuka nini?"

"Ubao. Ulipasuka mbele upande wa kushoto, nikauziba mwenyewe. Hapa. Huwezi kuona mshono." Nilisogea ili aone vizuri. "Lakini mzee, tazama magoti. Wengi husimama wima, ndiyo maana wanaanguka. Na mgongo, uone ulivyokaa."

Mzee alitazama mgongo wangu kwenye picha. Kisha alinitazama mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Dada yangu, acha," akasema. "Kijana huyu hana mwanamke mwingine. Anajitazama mwenyewe."

"Na hiyo ni kitu mzuri?"

"Si kizuri. Lakini hakuna mzungu ndani yake."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, na kicheko kile nakijua.

Shangazi alirudisha picha, akailaza kifudifudi mezani. "Basi. Lakini mtoto yetu hatavaa hiyo kitu."

"Hatavaa, shangazi."

"Na kwa maji haendi."

"Nitaenda nikitaka," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nikiwa na gauni langu."

Mzee alisema wazee wangu waje Jumamosi. Nilifungua mdomo kumweleza kwamba sikuwa najitazama, kwamba ule ndio mkao sahihi na huwezi kuueleza bila kuuonyesha. Binamu yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, akasema tunashukuru sana.