Siku Mapaja Yalipogoma Mbele ya Wakwe

Naona aibu kusimulia haya, lakini kwa kuwa mtaa wetu wa Misunkumilo mzima wanayasimulia bila mimi, tena kwa kuongeza chumvi, bora niwape yenyewe.

Baba yake Kabula, mchumba wangu, ni mfugaji wa Kisukuma kule Litapunga, na alikuwa amesema anakuja Mpanda na mkewe kuniona kwenye mbio ndefu kwa sababu hataki mkwe legelege. Basi mimi, badala ya kutulia, nikaamua kitu kidogo tu: kufuta siku zangu za mapumziko. Rafiki yangu Shija, ambaye amekimbia miaka na miaka mpaka mapaja yake ni kama yamesahau kuchoka, akanionya, "We ndugu, mwili unajengeka ukipumzika. Ukiuchapa kila siku hata kinga inashuka, mafua yanakuvamia." Nikamjibu mafua ni ya wazembe (mdomo huu jamani!).

Wiki ya mbio nikaanza kupiga chafya. Nikajifukiza, nikanywa tangawizi, nikamficha hata Kabula, siku ikafika nikasimama mstarini na bukta fupi na pua inavuja, filimbi ikalia nikachomoka kama nimeiba kuku, nikampita Shija, naye akanipungia mkono kwa huruma.

Karibu na mwisho misuli ya mapaja yote mawili ikakaza, nikaanguka chali palepale walipokaa wakwe. Mama mkwe, ambaye kwa mila zao hata kula pamoja naye siruhusiwi, aliponiona nimelala vile na bukta yangu akajifunika kanga usoni akatimua mbio, na naapa alikimbia vizuri kuliko mimi. Baba mkwe akainama, akaushika mguu wangu aunyooshe, watu wanacheka, nami nikampigia chafya usoni.

Nikajua Kabula nimemkosa.

Mzee akajifuta taratibu. "Nyie vijana," akasema, "maksai akilimishwa kila siku, hata kupe wanamshinda. Nenda kalale. Ukipona, uje tuongee."

Nikaenda, nikalala kweli. Siku hizi napumzika bila kubishana na mtu, na ndoa ipo baada ya mavuno. Mbio zijazo nitakuwepo, ila mama mkwe ametuma salamu kwamba atakuja kuniangalia siku nitakayokimbia na suruali.