Mshono wa Mnara wa Nne

Mtaani walimwita Fundi Chuma, kwa sababu suruali aliyoishona yeye ilichakaa kitambaa, ikabaki mishono. Kwa hiyo shemeji yake alipompatia kazi kwenye mashindano ya kimataifa ya mbio za ndege, mtaa mzima ulicheka. Kazi yenyewe ilikuwa kushona vibaya.

Ndege hizo ndogo hukimbia zikipenya kati ya minara ya kitambaa iliyojazwa upepo, mirefu kama ghorofa nane. Rubani akikosea na bawa likagusa mnara, kitambaa kinatakiwa kichanike papo hapo, ndege ipite, rubani akalalamike huko mbele. Mkuu wa minara alimweleza hayo siku ya kwanza, huku anatafuna kalamu. "Mshono mmoja, uzi mwembamba. Ukikaza, umeua mtu." Fundi Chuma aliitikia, lakini alijisikia kama mpishi aliyeambiwa aunguze chakula.

Msimu mzima alizunguka nchi sita. Ukimuuliza zikoje, alikuwa na jibu moja tu: zina vitambaa. Marubani walipigwa picha wameegemea ndege, wamekunja mikono kana kwamba upepo wameuumba wao. Yeye alikuwa nyuma ya hema, kwenye cherehani, anaunga walichokata. Rubani aliyemchosha kuliko wote walimbandika jina la Mkasi, maana halikupita shindano bila yeye kukata mnara.

"Huyu angekuwa kinyozi," shemeji yake alizoea kusema. Shemeji ndiye aliyesimamia feni za kujaza upepo.

Mbio za mwisho zikaangukia mjini kwao, na mama yake akasema atakuja.

Mama huyo alikuwa fundi mstaafu, na ndiye aliyemfundisha cherehani tangu ana miaka tisa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsifia hata kwa bahati mbaya. Akiletewa nguo aliigeuza ndani nje, akasogeza miwani, akaguna. Mguno huo Fundi Chuma aliuogopa kuliko sindano ya hospitali.

Asubuhi ya mbio, Mkasi alikata minara mazoezini mpaka vipande vya akiba, vile vinavyofungwa kwa zipu mahali palipochanika, vikaisha. Kikabaki kimoja kilichochanika, cha kushona upya, cha mnara wa nne, ule uliosimama mbele kabisa ya jukwaa la watazamaji. Akilini, Fundi Chuma alikiona kitambaa kikipasuka, na mama akiguna. Akabadilisha uzi. Akaweka ule mnene wa kushonea mahema, akapitisha mshono mara mbili. Hakujiambia kitu, mikono ilikuwa na raha zake. Kipande kikafungwa kwa zipu, feni zikawashwa, mnara ukasimama wima.

Ndege tatu zilipita salama. Ya nne ilikuwa ya Mkasi, na injini yake ilikuwa tayari inanguruma. Hapo ndipo akili zilipomrudia Fundi Chuma, akakimbilia kwenye feni.

"Shem, zima feni ya mnara wa nne!"

"Umechanganyikiwa? Dunia nzima inatazama."

"Nimeukaza. Zima, mtu atakufa!"

Shemeji akazima. Mnara ukajikunja na kulala chini, mbio zikasimamishwa, na mkuu wa minara akaja mbio na kalamu yake mdomoni. Akaukagua mshono.

"Nani kakwambia ukaze?"

Angeweza kusingizia uzi. "Mama yangu yuko jukwaani," alisema, aibu imempanda mpaka masikioni. "Sikutaka aone nimeshona ovyo."

"Una dakika ishirini. Fumua, ushone upya. Halafu kazi hapa huna."

Zilikuwa mita sita za mshono maradufu, na watazamaji wanapiga miluzi. Akachukua wembe, akapiga magoti kwenye nyasi. Hajamaliza hata mita ya kwanza, akaona viatu vya mama yake. Walinzi walijaribu kumzuia, na sasa walikuwa wamesimama mbali, wamenywea. Mama akakigeuza kitambaa, akasogeza miwani. Fundi Chuma akasubiri mguno.

"Mbona unafumua?" mama aliuliza. "Huu mshono safi kabisa."

Miaka thelathini na moja alikuwa akiyasubiri maneno hayo.

"Huu ndio mbaya, mama. Bawa likiugusa haukatiki. Rubani anakufa."

Mama akajishusha taratibu mpaka chini kwenye nyasi, akanyoosha mkono.

"Lete wembe mwingine."

Walifumua wote wawili, mmoja kila upande, wakakutana katikati. Fundi Chuma akashona upya, mshono mmoja, uzi mwembamba, mama akarudi jukwaani, na mnara ukasimama.

Mkasi akaja, na kama kawaida yake, akauvaa mnara wa nne. Kitambaa kilipasuka juu mpaka chini, ndege ikapita katikati ya matambara ikaenda zake, nzima. Jukwaa zima likaguna. Mwanamke mmoja tu alisimama, anapiga makofi.

"Unashangilia nini, bibi?" jirani yake alimuuliza. "Huoni kimechanika?"

"Naona," alisema mama. "Kashona mwanangu."