Ushanga Mmoja Unaobaki

Mdogo wangu wa kike ana vidole vya kumvika mbu kidani bila kumwamsha. Kazi yake ni mapazia ya shanga, yale ya mlangoni yanayokutekenya masikio ukipita. Basi siku moja akaingia seremala, aliyekuwa mumewe, kabeba kopo. Mama yake ndiye aliyemwita mdogo wangu tasa mpaka ndoa ikavunjika. Sasa mama huyo kafariki, na shanga zilikuwa zake.

"Fundi," alisema, kama vile hajawahi kumwita jina jingine, "nataka pazia la chumba cha marehemu. Nyuzi zilingane, na usibaki ushanga hata mmoja."

Tukahesabu: elfu mbili mia tano ishirini na moja. Mmoja ulimezwa na kuku, tukamsubiri.

Mdogo wangu akazigawa nyuzi mbili, ukabaki mmoja. Nyuzi tatu, mmoja. Nne, mmoja. Akaenda hivyo hivyo mpaka kumi, na kila mara kale kamoja kanabaki kananikodolea macho. Niliapa ni marehemu kakaa humo, hataki kutoka. Mdogo wangu hakucheka. Kila hesabu ilipokataa, seremala aliitwa aje aone mwenyewe, naye alimkuta na gauni la kutokea. Alikunywa chai vikombe viwili na kukaza bawaba ambayo haikulegea.

"Shemeji, hizi shanga zina nini?" aliniuliza.

"Zina akili. Zimekuzidi."

Jirani yetu, mwalimu wa hesabu, alikuwa kaja kuomba chumvi, akaiona hesabu yetu. "Bibi, hiyo ni namba tasa," alisema.

Seremala akaacha kukoroga chai.

"Tasa kwa kosa gani?" mdogo wangu akauliza.

"Haigawanyiki, mama. Hata ukitunga nyuzi mia, hazitalingana. Labda uzi mmoja wenye shanga zote, au kila ushanga na uzi wake."

"Kumbe haijapungukiwa kitu. Imekataa kukatwakatwa tu."

Seremala alikuwa anatazama chai yake. "Basi tunga uzi mmoja."

"Pazia la uzi mmoja litamzuia nani?"

"Asizuiwe mtu," akasema, akaondoka kikombe kikiwa nusu.

Nikamwambia mdogo wangu, huyo kakufungulia mlango, ingia.

"Hajaniita, dada. Kazungumza na kikombe."

Sasa anatunga. Akikaribia mwisho uzi unakatika, shanga zinatawanyika mpaka uvunguni, seremala anaarifiwa, anakuja kuokota. Eti uzi mbovu. Mimi nimeuona mkasi, na nimenyamaza, jambo lisilo kawaida yangu. Jana wote wawili walikuwa wamepiga magoti chini ya kitanda, vichwa karibu kugongana. Nilimsikia seremala akiuliza kama zimetimia. Mdogo wangu akamjibu bado, kisha akakaa kidogo humo humo gizani, akimsubiri aulize jingine.