Sosi Tamu na Chachu ya Fundi Mimi

Ndugu zangu, mimi ni mpishi niliyehitimu kwenye simu. Jumapili, zamu ya jumuiya kusali kwetu Ipuli, nilibandika nyama ya nguruwe ya Kichina, ile tamu na chachu. Nikamimina siki, nikamwaga sukari, nikaenda kuazima viti, kila nyumba nikijisifu.

Baada ya sala, wageni walilamba vidole. Nami nilipoonja nilijishangaa: utamu wa asali kabisa, uchachu wa ukwaju! Nikawafundisha siri ya siki, huku mama mkwe, mgeni wetu kutoka Usoke, akiitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

Mwenyekiti wa jumuiya akaomba nyongeza. Nikakimbilia jikoni, nikaikuta sufuria yangu karibu na mlango wa uani, nikampakulia mwiko mzima kwenye gizagiza bila kutazama. Alitafuna mara moja, macho yakamtoka.

Mama mkwe akaninong'oneza kwa upole, ila sebule nzima ilisikia: "Baba, siyo hiyo. Waliyokula nimepika mimi, kwa asali niliyokuja nayo. Hiyo yako iliungua, nikamtengea mbwa. Naye ameikataa."