Dhambi Niliyotaka Kuitunga

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja kule Chawia, mimi na mama mkwe wangu tumeketi nje tunachambua maharagwe, na midomo yangu inacheza peke yake. Nilikuwa najifunza kwa moyo dhambi ambayo sikuitenda.

Nilikuwa nimezika watoto wawili, wote wachanga. Wa kwanza alipokufa, majirani walilia nami. Wa pili alipokufa, walianza kunitazama. Wakaja akina mama wa kanisa, wakanywa chai yangu, wakasema kwa upole kabisa kwamba Mungu hapigi bure. Kabla sijaolewa nilikuwa nafanya usafi katika hoteli moja mjini Voi, na ya hotelini, wakasema, nani ayajuaye? Jumapili nisimame mbele ya kanisa nitubu, ndipo watoto wangu wataishi. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu.

Nikajichunguza. Nilikuta makosa ya kawaida tu: ulimi mkali (huu unaousikia), wivu kidogo, uvivu wa kusali. Hayo hayangewatosha wale. Basi nikaamua kutunga. Nikachagua wizi, maana uzinzi ungenivunjia ndoa. Ningesema niliiba shuka za hoteli.

Mama mkwe akaniuliza ninanong'ona nini. Nikamweleza yote.

"Hizo shuka ziko wapi?"

"Hakuna, Mama. Sikuiba."

Akaweka ungo chini. "Kwa hivyo kesho unaingia nyumba ya Mungu umdanganye mwenye nyumba, halafu umwombe mtoto?"

Nikamwambia nimechoka, nataka tu waniache.

"Najua umechoka. Hata Ayubu alichoka. Alipozika watoto wake, marafiki walikuja wakakaa naye chini, kimya. Hapo walikuwa watu wazuri. Wakaharibu walipofungua mdomo: umekosa wewe, tubu. Naye akakataa kukubali asilolitenda. Sasa wewe uliyesoma, niambie, mwishowe Mungu alimkasirikia nani?"

"Wale marafiki."

"Ehe. Wale waliojifanya mawakili wake."

Nililia pale pale juu ya maharagwe. Tangu msiba ule nilikuwa nikililia kosa. Siku hiyo ndiyo nilianza kuwalilia watoto wangu.

Jumapili nilisimama. Watu walikaa tayari kusikia ya hotelini. Nikasema, "Nimezika watoto wawili. Makosa yangu ninayoyajua nimeshamwambia Mungu, na hakuna hata moja lililoua mtoto. Anayeweza kulia nami, alie. Asiyeweza, aniache nipumzike." Nikarudi kukaa. Mwenyekiti wa akina mama aliangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha, na mimi nilitoka nje nimeinua kichwa.

Najua unangoja nikwambie nilipata watoto saba. Nilipata mmoja tu wa tumbo langu, anafanya kazi Voi, na namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini yeye hakuwa malipo, na wale wawili hawakuwa adhabu. Hata kama ningebaki mikono mitupu, ukweli wangu ungekuwa ule ule.

Basi shika hili. Ukikosa, tubu upesi, usizunguke. Usipokosa, usikubali kosa ili wengine wapate usingizi, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi hata akidanganya kwa machozi. Na ukimwona mwenzako amepatwa, usimtafutie dhambi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchotee maji, mpikie uji, keti naye, na kinywa chako kiwe na adabu. Hujafa hujaumbika, mwanangu.

Mungu akutunze. Akupe watu wanaojua kulia pamoja nawe, na siku utakayobebeshwa usilolitenda, akupe nguvu ya kusimama mbele yao wote useme: hili si langu.