Siku Niliyomfua Marehemu

Jambo lenyewe lilinigharimu pakiti ya sabuni ya unga, majani ya chai ya wiki nzima na majivuno yangu yote. Nimehesabu mara mbili, mwanangu. Majivuno ndiyo yaliyokuwa ghali.

Nakumbuka siku hiyo hapa Nachingwea, miaka ya tisini, nikijifunza kwa Mzee Lipala kuchapa picha kwa jua. Studio zilikuwapo, ila yeye alishikilia ufundi wa zamani: karatasi unaipaka dawa gizani, unalaza filamu juu yake, unafunika kioo, unaanika juani. Ukiisuuza kwa maji matupu, picha inatokea, bluu tupu.

Mama Somoe wa Mnero aliagiza picha ya marehemu mumewe. Binti yao alikuwa anaolewa Ruangwa, anaondoka kesho yake, na hakutaka kwenda bila sura ya baba. Dawa iliyobaki ilitosha karatasi moja tu. Mzee akachapa, akaenda kuswali, akaniachia niikaushe.

Mama akaja, akachungulia. "Haa! Kwani mume wangu shuka, mkamtia bluu ya kufulia?"

Mimi mjuaji nikamjibu, "Mama, hilo dogo." Bluu ikizidi, si inafuliwa? Nikakoroga sabuni ya unga, nikamtumbukiza. Bluu ikaondoka kweli. Marehemu naye akaanza kuondoka: mashavu kwanza, kisha ndevu.

Nilitamani niifiche ile karatasi, nisingizie upepo. Lakini binti alikuwa anaondoka kesho. Nikakimbia hadi msikitini, karatasi inachuruzika mkononi. "Mzee, nimemfua."

Akaitazama. "Umewahi. Ingekauka hivi, tungemzika mara ya pili."

Tukarudi kwake, akaisuuza sabuni yote, akachemsha chai ya rangi, nzito, bila sukari. "Leo ifanye kazi ya jina lake." Tukamlaza humo. Taratibu ndevu zikarudi, macho yakarudi, kahawia iliyokolea.

Mama Somoe alicheka huku analia. "Sasa ndiye huyu! Hata weusi wake ndio huu." Binti akaenda Ruangwa na baba yake kifuani.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiharibu kazi ya mtu, sema ingali mbichi. Aibu utaipata tu, lakini kazi itapona. Mungu akupe mikono myepesi na mdomo usiochelewa kukiri.

Nawe nisaidie. Binti yule anataka picha ya pili, ampe mwanawe anayeoa. Filamu ninayo. Nishauri: nimchapie bluu kama ufundi unavyotaka, au nimfue tena baba yake, safari hii makusudi?