Kitabu cha Safari na Nywele za Mama

Wasomaji, mtanivumilia. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na mahali penye r huenda nimeweka l, kwa sababu ulimi wa nyumbani kwetu hauzitenganishi, na mkono hufuata ulimi. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, si mbali na Kolandoto, nikaishia hapo. Ukurasa mmoja hunichukua tangu ng'ombe wanapotoka mpaka wanapokwenda kunywa maji. Lakini mbele za watu nisingeweza kusema hata nusu ya haya, kwa hiyo afadhali niandike vibaya.

Gazeti liliwauliza wasomaji ni kitabu gani cha safari kilichowagusa. Mimi nimesoma kimoja tu mpaka mwisho. Mwalimu alinipa siku nilipoacha shule. Kilikuwa kimepoteza jalada na kurasa za mbele zilikuwa zimeliwa na mchwa, hivyo sijui kinaitwaje wala nani alikitunga. Ndani yake kuna hadithi za watu walioondoka kwao wakarudi wakiwa watu wengine. Mwalimu alipotusomea darasani alikuwa na swali moja tu baada ya kila hadithi: safari hii ilimbadilisha msafiri namna gani? Tuliandika majibu kwenye vibao. Alipata akili. Alipata adabu. Alijifunza kuvumilia. Yote yalikuwa sawa.

Nilikipenda kitabu kile kwa sababu msafiri wa kitabuni hana haya. Anafika mji mgeni, anaomba maji, anapewa, anaanza kuzungumza. Mimi nikitumwa kwa jirani kuomba kisu husimama nje ya ua wa minyaa mpaka mbwa awaambie wenyeji kwamba nipo.

Baba aliondoka mwaka ule nzige walipomaliza mtama. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Alisema atafanya kipande kimoja tu, yaani siku thelathini za kazi, arudi mvua za kupandia zisimkute njiani. Alichukua blanketi, fimbo na mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mvua zile zilinyesha, tukapanda bila yeye. Zikaja za mwaka uliofuata, tukapanda tena bila yeye.

Muda wote huo mama alishika miiko ya mke wa msafiri, kama bibi zetu walivyoishika wanaume walipokuwa wakienda pwani na mizigo. Hakujipaka samli. Moto wa jiko lake haukutoka nje ya ua kwenda kuwasha jiko la mtu mwingine. Na hakunyoa. Wanawake wa kwetu hunyoa mara kwa mara, kwa hiyo kila mtu aliyemwona kisimani alijua kutokana na kichwa chake kwamba mume yuko njiani na anangojwa. Kuna siku moja tu ambayo wembe ungeruhusiwa kugusa nywele hizo mume akiwa hajarudi, nayo ni siku ya kumlia.

Mchana mama aliposaga nafaka, nilikaa karibu na jiwe nikamsomea kitabu changu. Nilikisoma kwa Kiswahili kisha nikakigeuza kwa Kisukuma, polepole, na yeye hakunihimiza. Alisikiliza nusu nusu, mpaka tulipofika kwenye hadithi ya mchonga vinu.

Mchonga vinu aliondoka kwao kutafuta mti mgumu. Akaugua katika nchi ya mbali, akakaa huko miaka. Watu wake wakachoka kungoja, wakamlia, wakanyoa, wakagawana shoka na tezo zake. Siku moja akarudi. Watoto wakakimbia. Mama yake mzazi akamwambia kupitia mlangoni arudi wanakokaa wafu, asiwatishe. Akaenda kukaa mji mwingine akachonga vinu vizuri kuliko vya zamani, na kitabu kinasema alikuwa mtu mpya mwenye hekima. Darasani tulijibu: alijifunza kuanza upya.

Mama aliacha kusaga.

"Soma tena hapo."

"Wapi, mayu?" Mayu ndiyo mama kwa lugha yetu.

"Anapobisha mlangoni."

Nikasoma tena. Akauliza, "Nani aliwaambia wamlie?"

"Kitabu hakisemi."

"Na yule mama mzazi, baadaye alifanya nini?"

"Kitabu kinamfuata mchonga vinu. Hakirudi kwa mama yake."

"Basi aliyekitunga alichoka mapema," akasema, akaendelea kusaga.

Tangu siku hiyo sikupata shukrani tena kwa hadithi nyingine yoyote. Alitaka hiyo tu. Nami nilianza kuona kwamba hakuisikia kama hadithi. Aliisikia kama habari iliyoletwa na mtu aliyepita njia hiyo.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa akitulimia shamba zito. Ni mtu mwenye maneno ya kuchekesha na mikono isiyopumzika, na sitaki mumdhanie vibaya. Lakini alikuwa na nyumba mbili za kulimia, na wazee walikuwa wakimwuliza hali hiyo itaendelea mpaka lini. Alikuja siku ya mapumziko na wakubwa wengine wa ukoo. Niliwaamkia, wakaitikia, wakakaa.

"Shemeji," akamwambia mama, "nyumba ya mtu aliyepotea haiwezi kukaa hivi. Tumlie kaka yangu, tunyoe, tumalize. Ng'ombe waingie zizi moja, na wewe na watoto mhamie kwangu kama desturi ilivyo. Nimechoka kuwa mume wa shamba tu."

Watu wakacheka kidogo. Mama hakucheka.

"Ukimlia leo, akija kesho utamwita nani?" akasema. "Kuna mchonga vinu mmoja walimfanyia hivyo. Alifika kwake akafukuzwa kama mzimu."

"Mchonga vinu wa wapi?"

"Yumo katika kitabu cha mwanangu."

Baba mdogo akanigeukia. "Haya, msomi. Huyo mchonga vinu ni wa ukoo gani? Amelipia mahari wapi?"

Nikatazama chini. Watu wakacheka sana safari hii.

"Sisi hatumjui," akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Tunamjua kaka yangu. Kaka yangu angerudi kupanda, hata kwa kutambaa."

Wakakubaliana niende Geita kumtafuta. Nikirudi naye, vizuri. Nikirudi bila yeye, wembe utatoka. Mama alinitayarishia michembe bila kusema kama amekubali.

Niliondoka na wanaume watano waliokuwa wakienda kutafuta kazi. Waliona kitabu kwenye furushi langu wakaniita Karani. "Karani, kitabu kinasema tutakula nini leo?" "Kinasema michembe," nikajibu siku moja, na hilo ndilo neno refu kuliko yote niliyowaambia njia nzima.

Kitabuni wanaandika: baada ya siku nyingi akafika. Mstari mmoja. Zile siku nyingi nimezipita mwenyewe na hakuna kilichonibadilisha ndani yake ila miguu. Mbuga ilikuwa na matope meusi yanayoshika kisigino. Mbele yake pori la mbung'o, tukatembea tukijipiga mgongoni kwa matawi, na mmoja wetu akatapika kuanzia asubuhi hadi tulipomwacha kwa watu. Nilingoja ile saa ambayo msafiri husimama juu ya kilima akaelewa jambo. Juu ya vilima niliona vilima.

Machimbo niliyafikia mvua ikinyesha. Mlima ulikuwa umepasuliwa ubavu na udongo mwekundu ukitiririka chini mpaka kwenye vibanda vya nyasi. Mashine ya kuponda mawe haikunyamaza, watu wakasemeshana kwa kupiga kelele hata wakiwa wameketi pamoja. Karani wa kweli aliniuliza jina la baba, akatafuta, akasema hayupo. Nyuma yangu mtu akacheka akaniambia wengi huandikisha jina la utani, ili mtemi wa kwao asiwapate akiwahitaji. Baba alikuwa mtu wa utani. Angeweza kuwa jina lolote pale.

Nilizunguka kwa siku kadhaa nikieleza sura yake: mrefu, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimepinda, anapenda kuimba kwa sauti ya chini akifanya kazi. Kusema hivyo kwa watu nisiowajua kulinichosha kuliko pori. Mwishowe nikampata mtu mmoja wa Ushetu, mwenye kuuza tumbaku ya kusokota baada ya kazi, ambaye alikuwa amelala naye kibanda kimoja.

"Kidole kimepinda, ndiyo," akasema. "Wewe ni wake? Mnafanana masikio."

"Yuko wapi, baba?"

"Kuna shimo liliporomoka. Ilikuwa zamu yake."

"Ulimwona akiingia?"

"Mimi nilikuwa na homa, nimelala."

"Walimtoa?"

"Waliwatoa baadhi. Uso ukijaa udongo ule huwezi kumjua mtu." Akakata kipande cha tumbaku akanipa, nami situmii tumbaku. "Hakurudi kibandani. Blanketi lake nililitumia mpaka likaisha. Usinikasirikie."

Akanipeleka nyuma ya vibanda. Kulikuwa na vichuguu vya udongo, vingine vipya, vingine vimeota majani, bila jiwe wala mti wa alama. "Wamo wa shimo, na wamo wa homa," akasema. Tukasimama, kisha akaenda kazini.

Nikamtafuta na mnyapara wa zamu zile. Alisema mtu mwenye kidole kama hicho aliacha kazi kabla shimo halijaanguka, akaelekea ziwani na wenzake.

"Una hakika, baba?"

"Nina watu kama mchwa. Nina hakika kwamba umesimama kwenye njia yangu."

Nikarudi na habari hizo mbili. Nyumbani nilizieleza zote mbele ya mama, baba mdogo na wakubwa, sikuongeza wala sikupunguza.

Mama akauliza, "Umeona kaburi?"

"Nimeona makaburi."

"La baba yako?"

"Sijui, mayu."

"Basi hujaona."

Baba mdogo alijifuta uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shemeji," akasema, "acha tumpe mojawapo ya habari hizo mbili, tumlie."

Siku ya kulia walikuja watu wengi, na wengine walilia kweli, kwa maana baba alipendwa. Waliweka kigoda katikati ya ua. Desturi ni mtoto wa kiume wa kwanza, yaani mimi, anyolewe kabla ya wengine wote, na bila yeye hakuna anayeweza kunyolewa. Mama alikuwa kwenye jiwe lake, anasaga, mgongo umetuelekea. Sauti ya jiwe ilisikika chini ya vilio. Baba mdogo akanishika bega akaniambia kwa upole, "Njoo, msomi wangu."

Ningeweza kukataa. Mtu wa kitabuni angesimama akasema maneno. Mimi nilitazama uso wa mtu wa Ushetu kichwani mwangu, jinsi alivyosema usinikasirikie, nikaona kwamba ninamwamini yeye kuliko mnyapara. Pia watu wote walikuwa wakinitazama. Nikakaa. Wembe ulikuwa wa baridi. Nywele zangu zilipoanguka, wanawake wakapandisha vilio, na jiwe la mama halikusimama.

Yeye hakunyolewa. Wanawake walimwendea na wembe, akawaambia wangoje mumewe aje awape ruhusa. Wakamwacha. Ng'ombe walihamia zizi la baba mdogo, na wadogo zangu wakawafuata kwa sababu ya maziwa. Mama amebaki katika nyumba yake na mimi. Baba mdogo bado anamlimia. Wanawake wa kisimani hawajui wamsalimie kama mke au kama mjane, kwa hiyo wengi hujifanya wana haraka.

Mama alikitazama kichwa changu, akaenda kuwasha jiko. Alinipikia siku ile kama siku nyingine. Nilipochukua kitabu wiki iliyofuata nikakaa karibu na jiwe, aliniambia, "Kiweke, ng'wanangu. Wewe umeshafika mwisho."

Mwalimu akiniuliza leo lile swali lake, kibao changu kitabaki kitupu. Baba huenda alibadilika huko, huenda hakupata nafasi. Mimi nimekwenda nikarudi na haya zangu zile zile. Aliyebadilika ni mama, na yeye hakuvuka hata mto wetu. Hakuna ukurasa niliousoma unaomhusu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma gazeti hili. Kama kuna aliyefanya kazi kwenye machimbo yale, au anayeishi kando ya ziwa, naye amemwona mtu mrefu mwenye kidole cha shahada kilichopinda, mkono wa kushoto, aandike kwa mhariri, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Kama ulisaidia kumfukia, andika hivyo hivyo, na utaje mahali. Mama hajui kusoma. Nitamsomea barua yoyote itakayokuja, neno kwa neno, kisha nitamgeuzia kwa Kisukuma.